Indiketa Zisizozimika: Mwendesha Boda wa Munkunyu Aonekane Kabla Hajakata Kona

Leo tuzungumze juu ya indiketa za pikipiki. Kuna kazi ambayo fundi yeyote mzuri wa umeme wa pikipiki anaweza kuifanya kwa muda mfupi: kuzifanya indiketa za mbele ziwake mwanga mdogo muda wote pikipiki inapotembea, halafu zipepese kwa nguvu mwendeshaji anapokata kona. Msimamo wangu nausema mapema. Kazi hiyo ina faida kubwa kwenye barabara zetu, mradi ifanywe mbele tu, na mradi mwanga wa kudumu usiumeze mwanga wa kupepesa.

Ichukue barabara ya lami ya hapa kwetu Uganda, itokayo Kikorongo, kupitia Bwera, kwenda Mpondwe mpakani kwa Kongo. Inaelekea magharibi. Sisi tumekaa kwenye mstari wa ikweta, jua letu linazama karibu saa moja jioni, Januari hadi Desemba. Dereva wa lori au wa taksi anayekwenda Bwera saa kumi na mbili na nusu anapigwa na jua usoni. Pikipiki inayomjia kutoka Bwera imeligeuzia jua mgongo. Dereva haoni rangi ya koti wala sura ya mtu. Anaona kitu cheusi chembamba ndani ya mng'ao, kama anakiona. Nusu saa baadaye jua limekwisha kuzama, giza la kwetu haliji kwa kubembeleza, na pikipiki ileile sasa imekuwa nukta moja ya mwanga. Nukta hiyo iko umbali gani? Inakuja kwa kasi gani? Ni pikipiki, au ni gari lililokufa taa moja, na ubavu wake mwingine uko gizani katikati ya barabara?

Hapo ndipo watu wanapofia. Taarifa ya Polisi ya Uganda ilionyesha kwamba mwaka 2022 barabara zetu ziliua watu 4,534, na mwaka 2023 wakawa 4,806. Waendesha pikipiki na abiria wao ni sehemu kubwa sana ya hesabu hiyo, mwaka baada ya mwaka. Nyuma ya hesabu hiyo kuna familia, na nyingi zinajulikana kwa majina hapa hapa Munkunyu, kwa hiyo sitazitaja.

Mara nyingi baada ya ajali dereva wa gari husema, "Sikumwona." Watu humkasirikia, hudhani anadanganya. Mara nyingi hadanganyi. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza katika eneo la Los Angeles, wakifika mahali penyewe barabarani. Katika zile ambazo pikipiki iligongana na gari, karibu theluthi mbili dereva wa gari ndiye aliyeingia kwenye njia ya pikipiki. Na sababu kubwa ilikuwa hiyo hiyo: hakuitambua pikipiki mpaka muda ulipokwisha.

Sasa sikiliza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mazungumzo ya leo. Jicho la mtu halina mita ya kupimia kasi. Linajua kwamba kitu kinakuja kwa sababu kinaongezeka ukubwa. Gari lina taa mbili, na kadiri linavyosogea, nafasi kati ya taa hizo mbili inapanuka. Jicho linaupima ule upanuzi na kukwambia, ngoja, huyu amefika. Pikipiki yenye taa moja haina nafasi ya kupanuka. Nukta inabaki nukta, kisha ghafla imekuwa mtu mbele ya bampa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Royal Holloway huko Uingereza walilipima hilo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Mwanga wa mazingira ulipopungua, watu walizidi kukosea kukadiria kasi ya pikipiki yenye taa moja. Pikipiki ilipowekewa taa tatu zilizopangwa kwa umbo la pembetatu, makadirio yao yakawa bora.

Tazama basi pikipiki ya kawaida ya kazi, Bajaj Boxer au TVS, hizi zilizojaa kwenye steji zetu za boda. Ina taa kubwa katikati na indiketa mbili zilizochomoza kushoto na kulia. Pembetatu hiyo kiwanda kimekwisha kuiweka, ila pembe zake mbili zimezimwa safari nzima isipokuwa zile sekunde chache za kukata kona. Ziwashe kwa mwanga hafifu, na pikipiki yako imepata upana. Dereva wa lori anayekuja ataona taa moja nyeupe na mbili za rangi ya machungwa zinazotanuka kadiri unavyomkaribia. Atajua ni pikipiki, na atajua iko karibu kiasi gani.

Wazo lenyewe si geni duniani. Huko Marekani ni jambo la kawaida indiketa za mbele za pikipiki kubwa kuwaka safari nzima. Wanatumia balbu yenye nyuzi mbili ndani, uzi mmoja wa wati 21 wa kupepesa na mwingine wa wati 5 wa kuwaka muda wote. Malaysia ililazimisha pikipiki ziwashe taa mchana mwaka 1992, na watafiti wa huko wakakuta kwamba ajali zile zinazotokana na pikipiki kutoonekana zilipungua kwa karibu asilimia 29. India, ambako Boxer na TVS zinatoka, iliamuru kwamba kuanzia tarehe 1 Aprili 2017 kila pikipiki mpya inayouzwa nchini humo taa yake ya mbele iwake injini inapowaka, mchana na usiku. Sheria ya India ni ya India. Sisi hapa swichi ya taa iko kwenye kidole cha mwendeshaji mwenyewe.

Nije kwa fundi. Akifungua kioo cha indiketa kwa bisibisi, kitu cha kwanza anachokiona mara nyingi ni vumbi, halafu kutu ya kijani kwenye kikombe cha balbu. Maji ya mvua yaliingia, hakuna aliyeyafuta. Balbu iliyomo ni ndogo, kwa kawaida wati 10, ina uzi mmoja na nukta moja ya risasi chini yake. Balbu ya nyuzi mbili ina nukta mbili chini, na pini zake za ubavuni hazikai kwenye kimo kimoja, makusudi isiingizwe kinyume. Kwa hiyo haiingii kwenye kikombe cha zamani. Kuna vijana wanaokata pini moja kwa koleo na kuisukuma ndani kwa nguvu. Usikubali. Njia ya umeme wa kupepesa itashikana na ya umeme wa kudumu, na siku utakapowasha indiketa ya kulia huenda hakuna atakayeona tofauti. Kikombe kibadilishwe chote, au iachwe balbu ya zamani na kuongezwa taa ndogo ya LED pembeni yake, ndani ya kioo kilekile. Mimi napendelea njia hii ya pili, na nitakwambia kwa nini.

Kwanza ni betri. Pikipiki nyingine ndogo hutembea na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 2.5 tu. Nyuzi mbili za wati 5 zinakula wati 10, yaani ampea 0.8 hivi. Kijana amesimama steji akisubiri abiria, injini imezimwa, ufunguo umeachwa wazi. Baada ya saa tatu betri imekauka kabisa, na muda mrefu kabla ya hapo stata, kama ipo, imekwisha kukataa. LED mbili ndogo kwa pamoja hazifikishi hata wati moja. Betri ileile itazibeba zaidi ya siku nzima.

Pili ni flasha, ile rilei inayotoa sauti ya tik-tik. Flasha nyingi za zamani zinapepesa kwa kutegemea uzito wa balbu zilizofungwa. Ukitoa balbu za wati 10 na kuweka LED za kupepesa, flasha inahisi kama balbu imeungua, na inaanza kupepesa mbio mbio. Wengine wanapenda mbio hizo, wanaona ni urembo. Mtu wa mbele yako haoni urembo, anaona vurugu. Ukiiacha balbu ya kupepesa kama ilivyo na kuongeza LED kwenye waya wake wa pekee, flasha haijui kwamba kuna kilichoongezwa.

Waya huo uchukuliwe baada ya swichi ya ufunguo, ukiondoa ufunguo taa zizime, na uwekewe fyuzi yake ndogo. Usiutoe moja kwa moja betrini. Na fundi asiunganishe waya wa kupepesa wa kushoto na wa kulia kwa ajili ya kurahisisha kazi. Hilo ndilo kosa kubwa la kazi hii. Umeme unavuka upande wa pili, ukiwasha kushoto na kulia nako kunapepesa, na dereva aliye mbele hajui unakwenda wapi. Anayetaka kuutumia waya wa indiketa uleule kwa kazi zote mbili ni lazima aweke dayodi kila upande, umeme uende njia moja usirudi. Kama fundi wako hajui dayodi ni nini, mwambie akufungie waya mpya, na hutakuwa umepoteza chochote.

Jambo la tatu ni la milima yetu, na naomba vijana wa Kyondo na Kyarumba wanisikilize vizuri. Kwenye pikipiki nyingi ndogo za kazi, hasa zilizokwisha kutumika miaka kadhaa, taa kubwa ya mbele hailishwi na betri. Inapata umeme kutoka kwenye koili ya magineto, injini inapozunguka. Ndiyo maana injini ikinguruma polepole taa inafifia, na ukikaza mafuta inang'aa. Sasa kijana anateremka usiku na gunia la kahawa, anazima injini ili aokoe petroli, anaachia mteremko umbebe. Pale pale taa yake imekufa. Anashuka gizani, kimya, hana mlio wala mwanga, na anayepanda na mzigo wake kichwani hana namna ya kujua. LED za pembeni zikiwa kwenye betri zitabaki zinawaka hata injini ikizimwa, mradi ufunguo uko wazi. Sisemi hivyo ili mtu aendelee kuzima injini mteremkoni. Tabia hiyo iachwe, inaua. Nasema kwa sababu najua kesho wapo watakaozima tu, na yule mama mwenye mzigo ana haki ya kuwaona.

Ila mtu asidhani taa hizi zinamulika njia. Hazimuliki. Ukipita Kikorongo usiku, mle ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, tembo na nyati wanavuka lami bila kuuliza, na LED ya pembeni haitakuonyesha hata mmoja. Taa kubwa ndiyo ya kuonea. Kioo chake kifutwe, na kichwa chake kielekezwe chini vizuri. Zile nguzo za LED nyeupe zinazofungwa chini ya usukani, zinazochoma macho kama jua la mchana, sizizungumzii leo isipokuwa kusema kwamba mtu uliyempofusha hawezi kukukwepa. Na taa za buluu au nyekundu zinazopepesa kwa mbele ni za polisi na magari ya dharura.

Nimesema mbele tu. Sababu iko pale Mpondwe, kwenye daraja la mto Lhubiriha. Upande wetu tunaendesha kushoto, upande wa Kongo wanaendesha kulia. Kila siku malori ya Butembo na Beni, taksi na boda zinabadilisha upande ndani ya mita chache. Mtu aliyetoka Kasindi, ng'ambo ya mto, akiwa amechoka anaweza kujisahau na kushika kulia mpaka akutane na wewe uso kwa uso. Tena taa za gari lililotengenezwa kwa ajili ya kulia zinatupa mwanga wake upande wa kulia, na huku kwetu kulia ndiko unakotokea wewe, kwa hiyo unapigwa machoni. Mahali kama hapo rangi ya taa ndiyo inayosema kama kitu kinakuja au kinakwenda. Nyeupe na ya machungwa ni uso wa chombo, nyekundu ni mgongo wake. Ukiziwasha indiketa za nyuma muda wote kwa rangi ya machungwa, umemvurugia dereva wa nyuma usomaji huo, na umeififisha taa nyekundu ya breki iliyo katikati yake. Nyuma iache nyekundu peke yake, na indiketa za nyuma ziwake wakati wa kukata kona tu.

Na huko nyuma tuna tatizo letu jingine ambalo halihitaji waya. Ni magunia. Kahawa, pamba, maharage, matoke, yote yanafungwa kwa mpira kushoto na kulia, na gunia likikaa vizuri linafunika indiketa zote mbili na taa ya breki pia. Kijana anawasha indiketa kwa uaminifu kabisa, flasha inalia tik-tik, na mtu wa nyuma anaona gunia. Dawa yake ni kuhamisha vikono vya indiketa vikae nje ya keria, au kufunga nyingine mbili chini karibu na namba ya pikipiki. Ukikosa vyote viwili, nyoosha mkono wako kabla ya kukata. Mkono, si mguu. Mguu ulionyooshwa karibu na ardhi usiku hauonekani na mtu aliyekaa juu kwenye kichwa cha lori.

Sasa mwanga wa kudumu na mwanga wa kupepesa. Nimesema mmoja usimmeze mwenzake. Kwenye balbu ile ya nyuzi mbili, uzi wa wati 5 hutoa mwanga usiofika hata sehemu moja ya kumi ya uzi wa wati 21. Waliopanga hivyo walijua walichokuwa wakifanya. Jicho linahitaji tofauti kubwa ili likubali kwamba huyu sasa anakata kona. Ukinunua LED kali sokoni kwa sababu inapendeza, ukaiweka karibu na balbu ya wati 10 ndani ya kioo kilichochujuka na jua, balbu itapepesa na hakuna atakayeona. Utakuwa umenunua urembo na kuuza ishara. Kati ya hizo mbili ishara ndiyo yenye thamani, na kama huwezi kupata zote, bora ubaki na indiketa za kawaida zinazofanya kazi.

Njia iliyo safi zaidi ni kifaa kidogo cha kielektroniki kinachozima taa ya kudumu ya upande ule unaopepesa, na kuirudisha ukimaliza kona. Kinapatikana, ila hakipatikani kila duka. Kuna ujanja wa zamani ambao magari ya Marekani yameutumia miaka mingi kwenye taa za ubavuni: taa ndogo inafungwa upande mmoja kwenye waya wa ufunguo, na upande wa pili kwenye waya wa indiketa badala ya bodi. Indiketa ikiwa imezimwa, umeme wa taa ndogo unapita kwenye uzi wa balbu kubwa hadi bodini, nayo inawaka. Balbu kubwa ikipata umeme, taa ndogo inakosa pa kutokea, inazima. Zinapokezana. Ujanja huu unafaa kama LED umeifunga mbali kidogo na indiketa, tuseme kwenye mguu wa shoki ya mbele, na unafanya kazi kama balbu ya kupepesa ni ya uzi. Ikiwa ni LED, usijaribu.

Indiketa ya pikipiki hizi za kazi haijizimi yenyewe kama ya gari baada ya kona, hilo nalo tulikumbuke. Kijana ametoka lami akaingia njia ya Nyakatonzi, akarudi, na bado indiketa inapepesa kilomita tatu. Lori la nyuma linaamini atakata, linaanza kumpita. Fundi akikufungulia indiketa kwa kazi hii, mwombe akufungie na kile kidude kidogo kinacholia indiketa inapowaka. Kelele zake zinakera, na ndiyo kazi yake.

Na kabla hujatoa hata shilingi moja kwa ajili ya waya, tazama ulichovaa. Utafiti uliofanyika Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba waendesha pikipiki waliovaa nguo za kung'aa walikuwa na hatari ya kuumia iliyo chini kwa asilimia 37, wenye helmeti nyeupe chini kwa asilimia 24 wakilinganishwa na wenye nyeusi, na wenye kuwasha taa mchana chini kwa asilimia 27. Kizibao cha kung'aa hakina fyuzi ya kukatika. Helmeti ni lazima kisheria Uganda, basi ukinunua mpya chagua nyeupe. Taa za pembeni zije juu ya hayo, zisije badala yake.

Viongozi wa steji, hapa nina ombi kwenu. Kijana mmoja mmoja akienda kwa fundi wake, tutapata rangi kumi na waya za kila namna. Steji nzima ikimchagua fundi mmoja anayejua dayodi na fyuzi, akafunga kwa mtindo mmoja, rangi ya machungwa mbele, fundi mwingine yeyote ataweza kuirekebisha siku ikiharibika, na dereva wa lori atazoea alama moja kutoka Kikorongo hadi mpakani.

Fundi akimaliza, usimlipe mchana. Ngoja giza liingie. Mpe mwenzako pikipiki, nenda hatua mia moja barabarani, geuka umtazame. Mwambie awashe taa kubwa kwa mwanga wa chini na za pembeni: unapaswa kuona taa tatu zilizoachana, sio donge moja la mwanga. Kisha awashe indiketa ya kushoto bila kukwambia ni ipi. Kama umelazimika kukodoa macho ili ujue ni upande gani, LED hiyo ni kali mno. Fundi aipunguze kwa rezista au aweke ndogo zaidi, na mrudie tena kwa upande wa kulia.